Kielekezi Kisichokaa Popote

Siwatu Kibwana alibonyeza mshale wa chini, na kielekezi kikashuka mstari mmoja. Akabonyeza tena, kikarudi juu, kwa kuwa orodha ilikuwa na mistari miwili tu na yeye alikuwa ameufunga mwisho wake kwenye mwanzo wake, kama ushanga. KULALA. KUBAKI MACHO. KULALA. KUBAKI MACHO. Kila mstari uliofikiwa uliwaka kijani juu ya kioo cheusi, na ule ulioachwa ukafifia.

“Naona inatembea,” ilisema sauti nyuma yake.

Ngwali, Mwenyekiti wa Baraza la mji, alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amebisha hodi, na mtu huyo hakuacha kubisha hodi isipokuwa mambo yalipokuwa yamemzidi.

“Karibu, Mheshimiwa. Karibu kiti.”

“Sikai. Nikikaa nitasinzia, nawe utaniandika miongoni mwa waliochagua kulala.” Alicheka peke yake. “Siku kumi na mbili, Bi. Siwatu. Wapima anga wameliona wingu. Vumbi litaufunika upande huu wote wa Mirihi, na halitaondoka kabla ya miezi kumi na minane.”

Siwatu aliyajua hayo; kila mtu katika Pangoni aliyajua. Mji wao ulikuwa ndani ya handaki la mawe, chini ya ardhi nyekundu, na joto lake lilitoka mahali pawili: kwenye mabamba ya jua yaliyotandazwa juu, na kwenye kinu cha nyuklia kilichokuwa chini kabisa ya mji. Vumbi lijapo, mabamba huwa si kitu. Kinu peke yake kiliweza kuwapasha joto watu mia saba walio macho, na Pangoni walikuwamo watu elfu moja mia moja na arobaini. Mia nne na arobaini waliosalia walipaswa kulazwa katika vitanda vya baridi, mioyo yao ikipiga mara nne kwa dakika, hadi jua litakaporudi. Katika miji iliyotangulia kuvitumia vitanda hivyo, usingizi huo haukuua. Lakini mtu mmoja katika kila mia aliamka akiwa amepoteza kitu: jina la mtoto wake, ladha ya chumvi, njia ya kwenda kwake. Na wote waliolala, bila kumbakisha hata mmoja, walikosa mwaka na nusu wa maisha ya waliobaki.

“Msimu uliopita hatukuwa na vitanda,” alisema Ngwali. “Tuliwazika watu thelathini na mmoja. Ndugu yangu Faki alikuwa wa tisa.”

“Nakumbuka, Mheshimiwa.”

“Basi nijibu. Orodha ikifunguka, kielekezi kinaanzia wapi?”

“Pale nitakapokiambia.”

“Kiambie kianzie kwenye Kulala.”

Ngwali alisogea karibu, akaonyesha kioo kwa kidole ambacho ncha yake ilikuwa imekatwa na baridi ya msimu ule.

“Sikuagizi umdanganye mtu. Kubaki macho kutakuwapo papo hapo, mshale mmoja tu chini yake. Anayetaka kubaki ashuke achague. Nani atalalamika kwamba amelazimishwa?”

Katika kazi ya Siwatu, mstari ambao programu humshikia mtu kabla hajashika mwenyewe uliitwa chaguo-msingi, na hakuna mjenzi wa orodha asiyeujua uwezo wake. Katika kila watu kumi wa Pangoni, wanane walibonyeza kitufe cha Ingiza bila kuugusa mshale. Siwatu alikuwa amelihesabu jambo hilo kwa miaka kumi na tisa na kulipa jina la uvivu.

Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe aliamini kwamba kulala ndiko kuliko salama. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Lau angeombwa kuwasukumia watu kwenye shari, angejua la kusema.

“Nitalifikiria, Mheshimiwa.”

“Lifikirie upesi. Baridi haifikirii.”

*

Kompyuta za Pangoni zilikuwa za kale kwa makusudi. Mionzi iliyopenya mawe iliunguza kila saketi nyembamba ndani ya miezi michache. Zilizodumu ni zile nene, zisizojua picha wala sauti, zinazofahamu herufi tu. Waliotangulia walilazimika kuziandikia amri neno kwa neno, na aliyekosea herufi moja alijibiwa “Haijulikani”, hata kama alikuwa akiomba mganga. Watu wengi waliziogopa. Ndipo Siwatu, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, alipoanza kujenga orodha: programu inayomwekea mtu machaguo mbele yake, akapanda na kushuka kwa mishale, akaridhika, akabonyeza Ingiza.

Lionekanalo jepesi kwa mtumiaji si jepesi kwa mjenzi. Kompyuta, kwa tabia yake, humngoja mtu amalize mstari mzima ndipo imsikilize. Orodha haiwezi kungoja hivyo, bali sharti isikie kila kitufe papo hapo. Na mshale, ambao mkononi ni kitufe kimoja, ndani ya waya huwa ni alama tatu zinazofuatana. Programu isiyo makini huisoma alama ya kwanza, ikadhani kwamba mtu ameomba kutoka, ikamfukuza. Kisha kila hatua ni lazima kioo kifutwe na kuandikwa upya kwa wepesi ambao jicho haliugundui. Na mwisho, programu ifungapo, yaipasa kuirudisha kompyuta katika tabia yake ya kwanza. Isipofanya hivyo, mtu atakayefuata ataandika asione herufi hata moja. Katika mwaka wake wa kwanza Siwatu aliisahau kanuni hiyo, na mtaa mzima ukashinda kutwa ukiandika gizani na kumtaja kwa majina ambayo mama yake hakumpa.

Haya yote aliyaweza. Lakini kuhusu mahali pa kukiweka kielekezi, hakuna aliyekuwa amemfundisha kitu.

*

Alipotaka kuijaribu orodha mpya, aliipeleka kwa Shangazi Mwanakombo, dada wa baba yake, aliyemlea tangu utotoni na ambaye hakuwahi kumsifu kwa jambo lisilostahili. Kwa jaribio hilo aliandika machaguo ya bure: mboga itakayopandwa kwanza katika bustani ya mtaa. Mchicha, kunde, bamia, figiri. Kielekezi alikiweka kwenye bamia, bila sababu yoyote.

Shangazi alivaa miwani, akaketi, akakitazama kioo kama anayekagua kazi ya mwanafunzi. Akabonyeza Ingiza.

“Bamia!” Siwatu aliguna. “Shangazi, tangu nikujue hujala bamia.”

“Sijala, na sitakula. Kitu gani kile? Kinateleza kama ahadi ya mchumba.”

“Sasa mbona umeichagua?”

“Imechaguliwa na nani? Ilikuwa mbele yangu.”

Jirani yao, Bi. Riziki, aliyekuwa akisubiri zamu yake, aliinua mkono. “Hata mimi ningechukua bamia, mwanangu. Yetu ni hiyo leo.”

“Lakini mnaona kunde hapo juu. Mnaona figiri hapo chini.”

“Tunaziona,” alisema Shangazi. “Nawe ukila, huoni minofu iliyo upande wa mwenzako? Unaiona. Unanyoosha mkono?”

Pangoni watu hawakuwa na sahani za mmoja mmoja, kwa sababu maji ya kuziosha hayakuwapo. Kila kaya ilikula katika sinia moja, na kila mtu alikula cha mbele yake. Desturi hiyo babu zao walikuja nayo kutoka Duniani. Hapa, ambapo chakula kilipimwa kwa gramu, ilikuwa imegeuka sheria ya kwanza ambayo mtoto hujifunza, tena kwa kofi la mkono. Kuvuka mpaka wa sinia kulikuwa aibu kuliko wizi.

Wanane katika kila kumi. Kumbe haukuwa uvivu. Ilikuwa adabu.

“Shangazi,” alisema polepole, “ile orodha yangu ya kazi za lazima, miaka tisa iliyopita. Uliyochagulia mboji.”

Mwanakombo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. Kwa miaka tisa alikuwa ameingia kila asubuhi katika ukumbi wa mboji, kugeuza taka kwa koleo, na kila jioni alirudi akijikanda kiuno. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hesabu, na watoto waliofundishwa naye walijulikana kwa kutohesabia vidole.

“Na ualimu ulikuwamo katika orodha,” Siwatu alisema.

“Ulikuwamo. Mstari wa sita.”

“Nilikiweka kielekezi kwenye mboji kwa kuwa palikuwa na upungufu wa watu. Nilidhani asiyetaka atashuka.”

“Mimi nilidhani ndicho mlichonipakulia.” Aliyasema hayo bila uchungu, kama anayetoa jibu la hesabu. “Nikasema, wakubwa wa mji wana sababu zao. Mtu anapakuliwa mboji, ale mboji.”

Bi. Riziki alijifanya kutafuta kitu chini ya kiti.

“Usiniangalie hivyo,” Shangazi alisema hatimaye. “Machozi hayarudishi miaka, na hapa ni kuyapoteza maji bure. Umekuja kujenga au umekuja kulia?”

“Kujenga.”

“Haya. Basi jiulize: ni lini mtu mwenye adabu huruhusiwa kunyoosha mkono katika sinia?”

Siwatu alifikiri. “Wakati wa matunda.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ni ya aina nyingi, na hakuna ajuaye mwenzake anapenda lipi.”

“Na kabla ya mtu yeyote kunyoosha mkono, mwenye nyumba hufanya nini?”

“Hulizungusha sinia mara moja,” Siwatu alisema, na tayari alikuwa ameivuta kibodi, “ili kila tunda limpitie kila mtu.”

“Alaa! Kumbe sikupoteza ada yako ya shule.”

*

Orodha aliyoijenga katika siku mbili zilizofuata haikufanana na nyingine yoyote. Ilipofunguka, kielekezi kilianza chenyewe kutembea, kikaugusa kila mstari kwa muda wa pumzi moja, na kila mstari ulioguswa ulieleza kwa maneno machache faida yake na hatari yake. Baada ya kuipitia mistari yote, kielekezi kilitoka nje ya orodha na kutoweka. Kitufe cha Ingiza kikawa bubu. Hakikuamka mpaka mtu aguse mshale kwa hiari yake, na hata hapo kaya moja ilikutana na KULALA juu na nyingine ikakutana nako chini, kwa bahati ya kurusha shilingi. Chini kabisa palikuwa na mstari mtupu wa kutafutia: mtu aliyependa kuandika kuliko kupanda na kushuka aliandika herufi za mwanzo za alitakalo, na orodha ikambakishia mistari inayolingana nazo.

Aliionyesha mbele ya Ngwali na Makame, fundi mkuu wa kinu, katika chumba cha vipimo ambamo ukuta ulikuwa na joto na Makame alifanya kazi akiwa na fulana.

“Kinapotea!” Makame alishangaa. “Dada Siwatu, umetumia miaka kumi na tisa kutufundisha kukifuata, leo unakifukuza?”

“Nakiondoa njiani.”

Ngwali hakutabasamu. “Nilikuomba jambo moja.”

“Uliniomba, Mheshimiwa, nami nimeshindwa kulifanya. Watu wetu hawachagui pale tunapokiweka kielekezi. Wanatii. Ukikiweka kwenye Kulala, watalala mia tisa, na wengine kati yao wataamka wasiwajue watoto wao. Wakiuliza ni nani aliyewachagulia, nitawaambia ni adabu yao?”

“Na ukikiondoa, wasipotimia mia nne na arobaini, nani atawaambia watakaoganda?” Sauti yake haikupanda, ilishuka. “Wewe unailinda hiari. Mimi nailinda roho. Roho ikitoka, hiari utaikalisha wapi?”

Hilo halikuwa swali la kudharauliwa, na Siwatu hakulidharau. Makame alijipepea kwa karatasi ya vipimo.

“Nitaandika hesabu juu ya orodha,” alisema. “Kinu kinamudu wangapi, wanahitajika wangapi kulala, wamepatikana wangapi. Ibadilike kila saa.”

“Hiyo nayo si kuwasukuma?”

“Ni kuwasukuma. Lakini mkono unaosukuma unaonekana, na mtu anaweza kuukatalia.”

Ngwali aliutazama ukuta wa kinu. “Siku tatu,” alisema. “Zikipita na hesabu haijatimia, utakirudisha kielekezi pale nilipokuambia, nami nitabeba dhambi yake. Tumeelewana?”

“Tumeelewana,” alisema Siwatu, ingawa hakujua kama alisema kweli.

*

Siku ya kwanza walipatikana mia mbili na kumi. Watu walikuja kaya kwa kaya kwenye kompyuta za mitaa, wakakitazama kielekezi kikipita, na kilipotoweka wengi waliita fundi wakidhani kimeharibika. “Hakijaharibika,” Siwatu aliwaambia mmoja baada ya mwingine. “Mwenye nyumba amekwisha kulizungusha sinia. Nyoosheni mikono.” Neno hilo lilienea mjini kuliko tangazo lolote la Baraza. Mahali ambapo watu walikuwa wakibonyeza na kuondoka, sasa waliketi. Walibishana. Mume na mke walionekana wakitoka nje kuzungumza, kisha wakarudi. Bi. Riziki na dada yake walitukanana mbele ya kioo kwa robo saa nzima, wakakumbatiana, wakachagua.

Siku ya pili hesabu ilifika mia tatu na themanini na tisa. Siku ya tatu, tangu asubuhi hadi adhuhuri, haikusogea.

Ngwali alikuja tena bila kubisha hodi.

“Hamsini na mmoja,” alisema. “Tumepungukiwa na watu hamsini na mmoja, na kaya sabini bado hazijachagua. Zimekuja, Bi. Siwatu. Nimeziona kwa macho yangu. Zinakaa, zinatazama, zinaondoka.”

“Nipe hadi saa kumi.”

“Ni mstari mmoja tu unaobadilisha, sivyo? Mguso mmoja.”

“Ni namba moja. Sifuri iwe moja.”

“Saa kumi, basi.”

Alipobaki peke yake, Siwatu aliifungua programu na kwenda moja kwa moja kwenye namba hiyo. Sifuri ilikuwa pale, ndogo, isiyodai chochote. Alijua kwamba akiigeuza, kaya zile sabini zitabonyeza Ingiza kwa kunyenyekea na hakuna mtoto atakayeganda. Kidole chake kilifika kwenye kibodi. Alimwona Faki, ndugu wa Ngwali, aliyekuwa akiwauzia karanga shuleni. Kisha alimwona Shangazi Mwanakombo akigeuza mboji. Hakuna kati ya hao wawili aliyemwachia nafasi ya kupumua.

“Wanakaa, wanatazama, wanaondoka,” alirudia kwa sauti. Mtu asiyetaka kuchagua haketi nusu saa. Wanatazama nini?

Aliiacha ile sifuri na kufungua kumbukumbu za mstari wa kutafutia. Programu ilihifadhi, bila majina, kila neno lililoandikwa pale likakosa jibu, ili mjenzi ajue ni maneno gani watu wanayatumia. Alitarajia kukuta makosa ya herufi. Alikuta haya:

*zamu*
*kwa zamu*
*kupokezana*
*nusu nusu*
*yeye kwanza halafu mimi*
*zamu*
*mama alale mwanzo mimi mwisho*
*zamu zamu*
*tuachieni zamu*

Kaya arobaini na saba. Arobaini na saba zilikuwa zimefika mbele ya kioo, zikayaona machaguo mawili, zikamwandikia la tatu, na orodha yake, kwa adabu isiyo na akili, ilikuwa imezijibu zote: “Hakuna mstari unaolingana.”

Siwatu alishika simu ya waya, akazungumza kwanza na waganga, kisha akapiga kinuni. “Makame! Mtu akilala miezi tisa, akaamka, mwenzake akalala miezi tisa iliyobaki, kinu kitalemewa?”

Ilisikika sauti ya kitu kinachowekwa chini. “Nani kakuuliza?”

“Mji mzima.”

“Kuamsha watu kunakula moto, dada yangu. Kitanda kimoja ni kama kupika chai ya mtaa mzima.” Alianza kuhesabu kwa kunong’ona, kama waombavyo wengine. “Lakini mwezi wa tisa vumbi huwa limeanza kuchujuka juu. Mabamba hupata mwanga kidogo, tukiyafagia… Waganga wanasemaje?”

“Wanasema usingizi wa miezi tisa una hatari pungufu kuliko wa kumi na minane. Nimewauliza kabla yako.”

“Basi inawezekana!” Makame alipaza sauti hata Siwatu akaisogeza simu mbali na sikio. “Inawezekana, watu wawili wakihesabiwa kitanda kimoja. Mbona hamkuniambia tangu mwezi uliopita?”

“Hatukukuuliza. Na wao hatukuwauliza. Tuliwapakulia viwili, tukasema wachague.”

Aliandika mstari wa tatu. KULALA KWA ZAMU: *wawili kwa kitanda kimoja, miezi tisa kwa kila mmoja*. Mara mbili alikosea nukta, na mara mbili kompyuta ikamkumbusha bila huruma. Ilipokuwa saa tisa na dakika arobaini alitangaza katika mitaa yote kwamba orodha imeongezwa, na kwamba waliokwisha kuchagua wanaweza kurudi wakabadilisha bila kuulizwa sababu.

Ngwali aliwasili saa kumi kamili. Safari hii alibisha hodi. Alimwonyesha maneno ya kaya zile, akasubiri. Mwenyekiti aliyasoma yote, polepole, na alipofika kwenye *mama alale mwanzo mimi mwisho* aliegemea meza.

“Ningeibadilisha ile namba,” alisema, “wangebonyeza tu.”

“Wangebonyeza.”

“Na maneno haya yasingeandikwa.”

“Yasingeandikwa, Mheshimiwa.”

Juu ya kioo, hesabu ilisogea kutoka mia tatu na themanini na tisa hadi mia tatu na tisini na nne. Kisha ikasogea tena.

*

Ilitimia siku iliyofuata kabla ya mlo wa mchana, ikapita, ikaishia mia nne na hamsini na nane. Makame alipiga honi ya kinu, ambayo kwa kanuni ni ya hatari tu; watu wakakimbilia milango ya dharura, wakamtukana sana walipojua sababu, kisha wakacheka.

Shangazi Mwanakombo alikuwa ameibadilisha kazi yake pia. Baraza liliifungua upya orodha ya kazi, nayo ikapitishwa mistari yake yote mbele ya kila mtu. Alishuka hadi mstari wa sita bila kusita. “Watoto wa siku hizi wanahesabia vidole,” alimwambia Siwatu. “Nimeona mambo ya kusikitisha.”

Kaya ya mwisho kuja ilikuwa ya Ngwali. Hakuna aliyemhitaji tena katika hesabu; angeweza kubaki macho, na mji usingemlaumu. Aliketi mbele ya kompyuta ya Mtaa wa Kwanza, akaifungua orodha kama mtu yeyote, na Siwatu, aliyekuwa akikaza nyaya pembeni, alimwona akikifuata kielekezi kwa macho kikishuka mstari baada ya mstari. Kikafika mwisho. Kikatoka. Kioo kikabaki na maneno matupu.

Mwenyekiti alingoja. Aliusogeza mkono kwenye Ingiza, akakibonyeza, pasitokee kitu. Akakibonyeza tena.

“Bi. Siwatu, kimekwenda wapi?”

“Kimekwisha kupita, Mheshimiwa. Sasa ni zamu yako.”

Aliuweka mkono juu ya mshale, akauondoa. Mtu aliyekuwa tayari kuchagua kwa niaba ya kaya sabini alikaa mbele ya mistari mitatu, na jasho likamtoka katika chumba ambacho hakikuwa na joto. Hatimaye aligeuka kuelekea mlangoni.

“Mama Hidaya! Hebu njoo.”

Mke wake aliingia akijifuta mikono kwa kanga. “Kuna nini?”

“Njoo tushauriane.”

“Tushauriane?” Mama Hidaya alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. “Miaka thelathini na miwili ya ndoa, leo ndiyo nalisikia neno hilo? Subiri, Baba Hidaya, nisije nikaanguka.”

“Mwanamke, kuna watu hapa.”

“Nawaona. Ndio mashahidi wangu.” Alikuja, akavuta kiti, akakisogeza karibu na cha mumewe. “Haya, sogea. Hujaniachia nafasi. Ule wa juu unasema nini? Miwani nimeiacha jikoni.”

“Wa juu unasema…”

“La, usiniambie kwa ufupi. Nakujua. Nisomee yote.”

Siwatu aliwapa mgongo, kama inavyompasa mjenzi wa orodha, akaendelea kukaza nyaya zake. Nyuma yake alisikia mshale ukibonyezwa mara moja, kisha sauti ya Ngwali, nzito, isiyozoea kazi hiyo, ikianza kusoma kutoka mstari wa kwanza faida yake na hatari yake, neno kwa neno, bila kuruka hata moja.

“Polepole,” alisema Mama Hidaya.

Naye akaanza tena, polepole.